Barua ya Ajira ya Ughaibuni Ikisomwa Bwaise

Bwaise ni kitongoji chenye msongamano mkubwa wa watu katika Divisheni ya Kawempe, kaskazini mwa jiji la Kampala, kando ya Barabara ya Bombo, na wakazi wengi wa Uganda hukijua kwa mafuriko ya mfereji wa Nsooba na bonde la Lubigi kuliko kwa shule zake. Hata hivyo elimu ni mojawapo ya shughuli zinazowaajiri watu wengi mtaani humo, kwa sababu shule za serikali ni chache zikilinganishwa na wingi wa watoto, na pengo hilo limezibwa na shule binafsi za ada ndogo, nyingine zikiwa ndani ya majengo yaliyokusudiwa kuwa nyumba za kupanga. Matokeo yake ni kwamba walimu wawili wanaweza kupanga vyumba katika safu moja ya mizigo, kama zinavyoitwa Kampala zile nyumba za chumba kimoja kimoja, wakafundisha somo lilelile kwa watoto wa mitaa ileile, ilhali masharti ya ajira zao hayafanani hata kidogo. Barua ya kazi kutoka Dubai, Juba au Uingereza ikiwafikia wote wawili siku moja, ikiwa na tarakimu ileile ya mshahara, thamani yake kwa kila mmoja itakuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika katika orodha nyingi zinazozipanga nchi za kigeni kwa ukubwa wa mishahara.

Kwa hiyo ulinganisho wa maana huanzia kwenye kile ambacho mwalimu anakiacha. Kwa upande wa serikali ya Uganda, mwaka wa 2022 uligawanya utumishi wa walimu katika makundi mawili. Kuanzia Julai mwaka huo mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi 4,000,000 kwa mwezi, wakati mwenzake wa masomo ya sanaa, yaani historia, jiografia, dini, fasihi na lugha, alibaki karibu na shilingi 1,100,000, na mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha daraja la tatu alibaki karibu na shilingi 500,000. Chama cha walimu, kinachojulikana kwa kifupi cha UNATU, kiliitisha mgomo Juni 2022 kupinga pengo hilo, na walimu walirejea madarasani mwezi uliofuata bila pengo lenyewe kuzibwa.

Tarakimu hizo ni za mshahara ghafi, yaani jumla ya malipo kabla ya makato, na si fedha zinazofika mkononi. Kodi ya mapato nchini Uganda haimgusi anayepata chini ya shilingi 235,000 kwa mwezi, kisha hupanda kwa ngazi, na kila shilingi inayozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. Mwalimu wa msingi wa shilingi 500,000 hukatwa takriban shilingi 52,000 na kubaki na kama 448,000, ilhali mwalimu wa sayansi wa shilingi milioni nne hukatwa zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja, hivyo kinachofika benki ni takriban shilingi 2,900,000 kabla ya mikopo na michango mingine. Asiyeifanya hesabu hii atalinganisha milioni nne za Kampala na mshahara wa nchi isiyotoza kodi ya mapato kana kwamba ni vitu vya aina moja.

Lipo pia pato lisiloonekana kwenye hati ya mshahara, nalo ni pensheni. Mwalimu wa serikali nchini Uganda amekuwa akilipwa pensheni kutoka hazina ya taifa bila yeye mwenyewe kuchangia, na kanuni yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: kila mwezi kamili wa utumishi humpa sehemu moja ya mia tano ya mshahara wake wa mwaka. Theluthi moja ya pensheni hiyo ya mwaka huzidishwa mara 15 na kulipwa kwa mkupuo anapostaafu, malipo ambayo huitwa kiinua mgongo, na theluthi mbili zilizobaki hugawanywa kwa miezi. Mwalimu wa sayansi anayestaafu akiwa na mshahara wa milioni nne baada ya miaka 30 atapata kiinua mgongo cha takriban shilingi milioni 173 na pensheni ya shilingi 1,920,000 kila mwezi. Mwalimu wa msingi mwenye utumishi huohuo na mshahara wa laki tano atapata kiinua mgongo cha shilingi milioni 21 na laki sita, na pensheni ya shilingi 240,000. Ikiwa mwaka mmoja hautahesabiwa katika utumishi kwa sababu mwalimu yuko ng'ambo, mwalimu wa sayansi hupoteza shilingi 5,760,000 katika kiinua mgongo chake na shilingi 64,000 katika kila mwezi wa uzee wake.

Upande wa pili wa safu ileile ya vyumba hakuna hesabu ya namna hiyo. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka wa 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na hadi leo ndicho kilichopo kisheria, kwa kuwa muswada wa kukibadilisha uliopitishwa na Bunge mwaka wa 2019 haukutiwa saini na Rais. Mmiliki wa shule binafsi na mwalimu wake huachiwa wapatane wenyewe, na mara nyingi mapatano hayo hayaandikwi. Mshahara hutegemea ada, ada hutegemea kipato cha wazazi ambao wengi ni wachuuzi, mafundi na waendesha bodaboda, na mafuriko yakiingia madukani na majumbani, siku ya mshahara nayo husogea mbele. Katika shule nyingi za aina hiyo likizo kati ya mihula mitatu ya mwaka hailipwi. Sheria ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, inamtaka kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja tu, achangie asilimia 10 ya mshahara juu ya asilimia 5 ya mfanyakazi, lakini sheria hiyo inahitaji mshahara ulioandikwa ili iwe na cha kukokotoa.

Udhaifu wa ajira hiyo ulidhihirika wakati wa janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, kipindi kilichotajwa kuwa kirefu kuliko vyote duniani. Walimu wa serikali waliendelea kulipwa. Wengi wa shule binafsi hawakulipwa, na baadhi yao waliingia katika uchuuzi, bodaboda na ujenzi wasirudi tena darasani. Ni katika miaka hiyo na iliyofuata ndipo matangazo ya mawakala wa kazi za nje yalipopata masikio mepesi zaidi.

Mawakala hao huzungumzia Ghuba kuliko mahali pengine popote, na Ghuba inastahili kuchunguzwa kwa utulivu kwa sababu ndiko ambako tarakimu hudanganya kwa urahisi zaidi. Dirham ya Umoja wa Falme za Kiarabu imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, na kwa viwango vya miaka ya karibuni dirham moja ni takriban shilingi 1,000 za Uganda. Ulingano huo hurahisisha hesabu: barua inayoahidi dirham 4,000 kwa mwezi inaahidi shilingi milioni nne, yaani mshahara uleule ulioandikwa kwenye hati ya mwalimu wa sayansi wa serikali ya Uganda. Tofauti ni kwamba Falme hazitozi kodi ya mapato kwa mishahara, kwa hiyo milioni nne za Sharjah, mojawapo ya falme hizo, ni milioni nne kamili. Lakini mwenye nazo atalipa pango la Sharjah na kununua chakula cha Sharjah, na iwapo nyumba haimo katika mkataba, faida ya kutotozwa kodi inaweza kuishia yote kwa mwenye nyumba.

Hapa ndipo marupurupu yanapopata uzito kuliko mshahara. Neno hilo hujumuisha kila anachopewa mfanyakazi juu ya mshahara wake: nyumba au posho ya nyumba, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi kila mwaka, bima ya afya, na kwa walimu, punguzo au msamaha wa ada kwa watoto wao. Shule za mtaala wa Kiingereza au wa Kimarekani zinazotoza ada kubwa huwapa walimu wao kifurushi chote hicho. Shule zinazohudumia watoto wa wahamiaji wa kipato cha kati, kwa mfano zile za mtaala wa Kihindi au wa Kipakistani, hutoza ada ndogo na hulipa kidogo. Mganda mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Makerere au cha Kyambogo huajirika kwa urahisi zaidi katika kundi hili la pili, kwa sababu shule za kundi la kwanza hupendelea vyeti vya Uingereza, Ireland, Marekani au Afrika Kusini. Ni upendeleo usio na haya, na ni afadhali mwombaji aujue mapema kuliko kuugundua akiwa ameshalipa gharama za kuhakikisha vyeti vyake wizarani na ubalozini.

Kipengele kinachopitwa haraka zaidi machoni mwa msomaji wa mkataba wa Ghuba ni mgawanyo wa mshahara wenyewe. Sheria ya kazi ya Falme, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau mwaka mmoja kiinua mgongo cha mwisho wa kazi: ujira wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Ujira huo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake, yaani ile sehemu ya malipo isiyo na posho yoyote. Mwajiri anayejua hesabu huandika dirham 5,000 kwa herufi kubwa, kisha chini yake akazigawa: 2,500 za msingi, 1,500 za nyumba, 1,000 za usafiri na mengineyo. Mwalimu aliyefanya kazi miaka miwili kwa mkataba huo ataondoka na kiinua mgongo cha takriban dirham 3,500. Kama zote 5,000 zingekuwa za msingi, angeondoka na takriban 7,000. Mkataba wa kwanza na wa pili hulipa sawasawa kila mwezi, na hakuna anayeona tofauti hadi siku ya kuaga.

Kwa mwalimu wa sayansi wa serikali, zile dirham 3,500, ambazo ni kama shilingi milioni tatu na nusu, zinapaswa kuwekwa kando ya zaidi ya shilingi milioni 11 za kiinua mgongo na shilingi 128,000 za pensheni ya kila mwezi anazoziacha kwa miaka hiyohiyo miwili isiyohesabiwa nyumbani. Mshahara wa mkononi unaweza bado kumfidia, hasa akipewa nyumba, lakini itabidi aweke akiba kwa makusudi, kwa kuwa hakuna mwingine atakayemwekea. Kwa mwalimu wa shule binafsi asiye na mchango wowote NSSF, zile dirham 3,500 ni nyongeza safi, na huenda zikawa kiinua mgongo cha kwanza maishani mwake.

Nchi jirani za Ghuba zina kanuni zao. Saudi Arabia hutoa nusu ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa miaka mitano ya kwanza na mshahara wa mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata, lakini anayejiuzulu mwenyewe baada ya kutimiza miaka miwili na kabla ya kupita mitano hupata theluthi moja tu ya haki hiyo. Oman, kwa sheria mpya ya kazi ya mwaka wa 2023, inatoa mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Kanuni ya Oman inazidi ya Falme kwa miaka ya mwanzo, ingawa Muscat haitajwi sana Kampala, pengine kwa sababu Dubai hujitangaza yenyewe.

Ughaibuni wa mwalimu wa Uganda, hata hivyo, haukuanzia Ghuba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mkondo ulielekea ndani: mpango ulioanza mwaka wa 1961 uliwaleta Wamarekani na Waingereza kufundisha sekondari za Afrika Mashariki, wengi wakipitia Makerere kwa mafunzo. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, na uchumi kuporomoka kufuatia kufukuzwa kwa Waasia mwaka wa 1972, mkondo uligeuka, na walimu wa Uganda wakasambaa katika sekondari za Kenya, Zambia, Botswana na Lesotho, ambako walipokewa kwa heshima kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zikipanua elimu bila kuwa na wahitimu wa kutosha. Kizazi hicho hakikupitia kwa wakala. Aghalabu kilikwenda kwa barua ya wizara ya nchi iliyokihitaji.

Majirani bado wanawahitaji walimu, ila masharti yamebadilika. Rwanda ilipoamua mwaka wa 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, Waganda na Wakenya walifunguliwa mlango mpana, lakini mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa serikali za Rwanda na Uganda na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022, na katika kipindi hicho Kigali ilitia saini makubaliano na Harare yaliyoleta walimu wa Zimbabwe mwaka wa 2022. Mwaka huohuo Rwanda iliongeza mishahara ya walimu wake, asilimia 88 kwa wa msingi wenye cheti na asilimia 40 kwa wenye stashahada na shahada. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawaruhusu raia wa nchi wanachama kutafuta kazi kwa majirani, na Kenya, Rwanda na Uganda ziliondoleana ada za vibali vya kazi. Hata hivyo makubaliano ya kutambuana vyeti yaliyotiwa saini na wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo hayajawafikia walimu.

Sudan Kusini ni somo la fedha kuliko la elimu. Nchi hiyo hufundisha kwa Kiingereza, ina uhaba mkubwa wa walimu waliofuzu, na Juba inafikika kwa basi kutoka Kampala, kwa hiyo mwalimu wa Bwaise hahitaji tiketi ya ndege wala viza ya gharama kubwa. Hatari yake imo katika sarafu. Desemba 2015 serikali ya Juba iliiachia pauni yake ielee sokoni, na dola moja iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa karibu pauni 3 ikafika zaidi ya pauni 18 kwa siku moja. Mwalimu aliyekuwa na mkataba wa pauni 1,000 alilala akiwa na zaidi ya dola 330 na kuamka akiwa na dola zipatazo 54. Hali ya walimu wa shule za serikali ilidhoofika kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulianza kuwalipa walimu wa msingi nyongeza ya dola 40 kwa mwezi ili waendelee kuingia darasani. Tangu hapo mwalimu mgeni mwenye busara Juba huuliza swali moja kabla ya kuuliza kiasi: mshahara umeandikwa kwa sarafu gani? Swali hilohilo lina maana Hargeisa na Mogadishu, ambako shule binafsi pia huajiri Waganda na Wakenya, na ambako usalama huongezwa kwenye hesabu kama gharama isiyo na risiti.

Uingereza huvutia kwa jina, na tarakimu zake ni wazi kwa kuwa huchapishwa na serikali. Mwalimu mpya mwenye sifa kamili nje ya London alilipwa pauni 31,650 kwa mwaka kuanzia Septemba 2024. Kiasi hicho kikikatwa mchango wa pensheni wa asilimia 7.4, kodi ya mapato ya asilimia 20 na bima ya taifa ya asilimia 8, mbili za mwisho zikihesabiwa juu ya pauni 12,570 za mwanzo zisizoguswa, kinachobaki ni zaidi kidogo ya pauni 2,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha shilingi 4,700 kwa pauni hizo ni kama shilingi milioni tisa na nusu, fedha ambazo Bwaise zingeonekana utajiri, na ambazo katika mji wowote wa Uingereza hulipa pango, umeme, joto la nyumba na nauli kabla ya kufikiria kutuma chochote nyumbani.

Kabla ya hapo kuna mlango wenyewe. Februari 2023 Uingereza ilifungua utaratibu wa kuwatambua moja kwa moja walimu waliofuzu Ghana, Hong Kong, India, Jamaika, Nigeria, Singapore, Afrika Kusini, Ukraine na Zimbabwe, na kwa nyingi ya nchi hizo ikaweka sharti la kuwa walimu wa hisabati, sayansi au lugha. Uganda haimo, wala Kenya, wala Tanzania. Mganda anaweza kufundisha kwa muda wa hadi miaka minne kabla ya kupata utambuzi kamili, lakini kwa ngazi ya mshahara ya wasiofuzu, ambayo huanza chini sana ya zile pauni 31,650, na hilo lenyewe linaweza kumkwamisha kwenye masharti ya viza. Kisha kuna tozo ya afya kwa wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mtoto kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote mapema. Mwalimu, mwenzi wake na watoto wawili wanaoomba viza ya miaka mitatu watatakiwa kulipa pauni 10,866 kabla hawajapanda ndege, yaani zaidi ya shilingi milioni 50. Iwapo mwajiri hailipi, familia hubaki Uganda, na gharama ya utengano huo haiandikwi na mhasibu yeyote.

Marekani hutumia viza ya mabadilishano inayojulikana kama J-1, ambayo humruhusu mwalimu mwenye shahada na uzoefu wa miaka miwili kufundisha kwa miaka mitatu, ikiwezekana kuongezwa hadi mitano, kisha arudi kwao. Mshahara ni ule wa mwalimu wa wilaya husika, na katika miaka miwili ya kwanza ya kalenda mwalimu huyo kwa kawaida hakatwi asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee ambayo Mmarekani hukatwa, jambo linalompa unafuu mdogo usiotangazwa. Kwa upande mwingine, yeye ndiye mara nyingi anayelipa ada ya taasisi inayomdhamini, tiketi na gharama za kuanzia maisha mahali ambapo bila gari hafiki shuleni. Kuhusu Asia ya Mashariki maneno machache yanatosha: viza ya kufundisha Kiingereza nchini Korea Kusini hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, ambazo ni Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, na Kiingereza cha Kampala, hata kiwe fasaha kiasi gani, hakibadilishi rangi ya pasipoti.

Gharama ya kuondoka nayo ni sehemu ya mshahara, kwa maana hupunguza kinachobaki. Uganda inasimamia uajiri wa nje kupitia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, chini ya kanuni zilizopitiwa upya mwaka wa 2021, na wakala anapaswa kuwa na leseni ya wizara hiyo. Makubaliano ambayo Uganda ilitia saini na Saudi Arabia mwaka wa 2015 na Jordan mwaka wa 2016 yalihusu wafanyakazi wa majumbani, si walimu, na hapa ndipo mwalimu hunaswa: huahidiwa darasa, hupewa viza ya kazi za ndani, na akifika hugundua kwamba sheria inayomhusu si ile aliyosomewa. Aina ya viza ikitazamwa kabla ya safari, swali hilo huisha. Tena sheria ya Falme yenyewe inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, na inamkataza kushikilia pasipoti yake. Wakala wa Kampala anayemwambia mwalimu alipie viza ya Dubai anadai fedha ambazo sheria ya Falme inasema ni jukumu la mwajiri. Ikiwa mwalimu amekopa shilingi milioni sita kwa ajili hiyo, na anabakiwa na akiba ya shilingi milioni moja kwa mwezi, nusu ya mwaka wake wa kwanza ni mali ya mkopeshaji hata kabla ya riba. Jumuiya ya Madola iliweka mwaka wa 2004 itifaki ya uajiri wa walimu inayozitaka nchi tajiri zisiwachukue walimu wa wenzao katikati ya mwaka wa masomo na zihakikishe mkataba unaeleweka kabla ya safari, lakini itifaki hiyo ni ahadi ya mawaziri, haina mahakama.

Kwa wasomaji wa Kiswahili ipo njia moja nyembamba inayostahili kutajwa. Uganda iliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili na Baraza la Mawaziri likaagiza Julai 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, na lugha hiyo ni mojawapo ya zile ambazo mpango wa Fulbright huwachukulia walimu vijana kwenda kusaidia kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mpango huo hulipa posho ya kujikimu, tiketi na bima, nao hautoi mshahara wa kujengea nyumba. Anayekwenda huku akitarajia kuweka akiba atasikitika, anayekwenda kwa ajili ya masomo na jina atarudi na vyote viwili. Afrika Kusini nayo ilitangaza mwaka wa 2018 kuwa Kiswahili kingekuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020, tangazo lililoshangiliwa sana Afrika Mashariki, ingawa kutangaza somo na kutangaza nafasi za kazi ni mambo mawili.

Hesabu hizi zote zikiwekwa pamoja, hutokea jambo ambalo wapangaji wa elimu wa Uganda huenda hawakulikusudia mwaka wa 2022. Nchi zenye malipo mazuri hutafuta zaidi walimu wa fizikia, hisabati na kemia, na hao ndio ambao serikali imewapa sababu kubwa ya kubaki, kwa kuwa wakiondoka hupoteza mshahara unaokaribia wa Ghuba na pensheni inayozidi kiinua mgongo cha huko. Mwalimu wa historia wa shilingi 1,100,000 anayo sababu ya kuondoka, lakini historia ya Uganda haina soko Abu Dhabi. Na mwalimu wa shule binafsi ya Bwaise, asiye na mkataba, mchango wala likizo ya kulipwa, ndiye ambaye karibu barua yoyote ingemwongezea kipato, hata iliyogawanywa kwa hila, na kwa kuwa hapotezi kitu ndiye asiye na nguvu ya kudai kipengele hata kimoja kibadilishwe.